Vitabu Tulivyoviacha Kabla ya Mwisho

Nauza vitabu vya mtumba mjini Nyeri, kwenye kibanda cha mbao upande wa chini wa soko. Wateja wangu wengi ni wanawake: walimu, wauguzi, makarani, na wachache wanaotoka shambani kuuza mboga na kurudi na kitabu kimoja chini ya kikapu. Wanachotafuta zaidi ni hadithi za mapenzi za zamani, zile za wanawake wenye magauni mapana na wanaume waliopanda farasi, katika nchi ambazo hakuna kati yetu aliyewahi kuziona. Mteja huchukua kitabu, hutazama picha ya jalada, kisha huniuliza swali lile lile.

"Huyu mwanaume anarudi ama anakufa?"

"Anarudi," nasema, kwa sababu karibu wote hurudi.

"Basi nipe hiyo."

Nimejiuliza kwa muda mrefu kwa nini tunawapenda watu hao. Shule niliiacha baada ya darasa la saba, kwa hiyo sikufundishwa namna ya kujibu swali kama hilo. Nilijitengenezea njia yangu. Kitabu nakisoma kwanza ili nijue kinachotokea, kisha narudi nikimfuata mwanamume peke yake, kisha narudi tena nikimfuata mwanamke. Njia hiyo imenionyesha mambo kadhaa. Lakini lile ninaloliamini zaidi nililipata kabla sijawa na njia yoyote, kwa shangazi yangu, ambaye hakujua kusoma.

Tulimwita tata, kama mashangazi wanavyoitwa kwetu. Alikuwa dada mdogo wa baba. Katika miaka ya kwanza ya uhuru alifanya kazi ya nyumbani kwa mzungu mmoja karibu na Naro Moru. Wenye shamba walipouza ng'ombe na samani ili waondoke nchini, kulibaki sanduku la vitabu ambalo hakuna aliyelitaka. Mama mwenye nyumba akampa tata. Tata alilipokea kwa sababu karatasi kavu ni kitu cha thamani jikoni, hasa msimu wa mvua, na akaja nalo nyumbani kwetu Mukurweini, limefungwa mgongoni kwa kamba kama mzigo wa kuni.

Alinikuta nimeshika kimoja ukumbini, wakati yeye alikuja kuchukua kurasa za kuwashia moto.

"Hicho kinasema nini?" akauliza.

"Kuna msichana anaenda kuishi kwenye nyumba ya watu asiowajua."

"Kufanya kazi?"

"Ndiyo. Kufundisha watoto."

Akakaa chini. "Soma," akasema. Moto siku hiyo uliwashwa kwa majani makavu ya migomba.

Ikawa desturi yetu kila Jumapili baada ya kanisa. Tuliketi kwenye kizingiti cha jikoni, yeye akipukuchua mahindi, mimi nikisoma Kiingereza kimoyomoyo na kumwambia kwa Kikuyu. Kamusi niliyotumia ilikuwa imekosa kurasa za mwanzo, kwa hiyo maneno yaliyoanza na herufi za kwanza niliyakisia. Nadhani kuna watu waliooana katika hadithi zetu ambao mwandishi hakukusudia waoane.

Tata hakuwa msikilizaji mtulivu.

"Huyo bwana mrefu kazi yake ni ipi?"

"Ni tajiri, tata. Ana shamba kubwa. Anapanda farasi."

"Kwenda wapi?"

Nikatafuta. "Anazunguka tu."

"Ati anazunguka! Na ng'ombe wanakamuliwa na nani?"

"Haijaandikwa."

"Watakunywa chai ya rangi, hao."

Msichana wa kitabu alipozimia kwa mara nyingine, tata aliacha mahindi akanitazama kama kwamba mimi ndiye niliyemwangusha. "Ameanguka tena? Wampe uji huyo mtoto! Hawaoni hajala tangu kitabu kianze?"

Lakini kulikuwa na mambo yaliyomnyamazisha. Katika kitabu kimoja mwanamume aliona kwamba viatu vya msichana vimelowa maji. Hakusema neno. Alivuta kiti kimoja karibu na moto, kisha akatoka chumbani ili msichana aweze kukaa bila aibu. Nilipofika hapo tata aliniambia nirudie. Nikarudia.

"Huyo sasa ni mtu," akasema. "Yule wa farasi mrudishe kwenye sanduku."

Baadaye, nilipoanza kusoma kwa njia yangu, niliona kwamba alikuwa amesema karibu kila kitu. Mabega mapana na nyumba kubwa ni vya jalada tu. Msomaji humpenda mwanamume wa kitabu pale anapoonekana akiona jambo dogo ambalo wengine hawalioni, na kulitendea kazi bila kudai shukrani. Na mwanamke wa kitabu tunampenda kwa sababu anataka kitu waziwazi, katika wakati ambao mwanamke hakuruhusiwa kutaka kitu, na haachi kukitaka. Vita, njaa na sheria za zamani zimewekwa pale ili kutaka kwake kumgharimu. Bila gharama hiyo, hata angekuwa mzuri namna gani, tungefunga kitabu tukalale.

Kulikuwa na kitabu cha askari. Alikwenda vitani akimwacha msichana kijijini, na msichana akamngoja. Tata alikipenda kuliko vyote. Lakini tulipokaribia mwisho, siku msichana alipoona mtu akija kwa mbali barabarani, tata aliweka gunzi chini.

"Acha hapo," akasema.

"Lakini anakaribia kujua ni nani!"

"Nimesema acha hapo. Anza kile kingine."

Tulifanya hivyo na kila kitabu ambacho ndani yake mtu alingojwa. Tulifika kwenye ukurasa wa kurudi na hatukuufungua. Mimi nilikuwa na umri wa kutosha kujua sababu.

Kabla ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni, tata alipokuwa msichana, kijana mmoja wa kilima cha pili, ng'ambo ya kijito chetu, alimposa. Kwetu posa huanza kwa wanyama wawili: kondoo jike ambaye hajazaa na mbuzi jike ambaye hajazaa. Ukoo wa kijana huwaleta nyumbani kwa msichana, na kuanzia hapo husemwa kwamba tawi limepandwa, yaani mwanamume mwingine akipita aone kwamba mahali pale pana mwenyewe. Wanyama wale waliletwa. Mengine yangefuata, lakini kijana aliingia msituni pamoja na wenzake kupigana, na mengine hayakufuata.

Uhuru ulipokuja, watu walitoka msituni, wengine walitoka kizuizini. Kila aliyerudi upande wetu aliulizwa habari zake. Mmoja alisema alimwona kwenye mianzi, juu sana, akiwa mzima. Mwingine alisema hakumwona kabisa. Hakuna aliyesema amekufa, na hakuna aliyeonyesha kaburi.

Niliwahi kumuuliza tata kijana yule alikuwa mtu wa namna gani.

"Alikuwa anapiga mluzi," akasema. "Na alinicheka siku moja kwa kubeba kuni nyingi, kisha akazibeba yeye. Nilikuwa nimeanza tu kumjua, mwanangu."

Aliyemjua vizuri ni mama yake. Bibi huyo aliishi peke yake ng'ambo ya kijito, macho yake yakiwa yameanza kuingia ukungu, na hakuwa na mtoto mwingine. Alimwita tata mke wa mwanangu. Tata alipokuwa likizo kutoka Naro Moru alivuka kijito kumchotea maji kabla hata hajasalimia watu wa kwetu.

Sasa, kule Naro Moru kulikuwa na mwanamume mwingine. Alikuwa mtunza ng'ombe wa shamba lile lile. Mke wake alikuwa amefariki. Wazungu walipoondoka na mashamba yakagawanywa, yeye alipata kipande, akajenga nyumba ya mbao yenye mabati, akapanda viazi na kununua ng'ombe wawili. Alikuja kwetu mara chache, amevaa buti za mpira, akimletea baba maziwa mabichi ndani ya chupa iliyozibwa kwa gunzi. Uso wake haukuwa wa jalada la kitabu chochote. Aliongea kidogo, na alichoongea kilihusu mifugo.

Baba alimpenda na kumtania. "Wewe mtu wa maziwa, umekuja kuniona mimi ama kuna mwingine?"

"Nimekuja kuona majani yenu," akajibu, akiwa ameelekeza macho jikoni.

"Majani yetu yamo jikoni yanapika chai. Ingia uyaone."

Ni tata mwenyewe aliyeniambia kuhusu maji. Asubuhi za Naro Moru, mlima wenye theluji ukiwa hauna mawingu, maji ya pipa huwa na ganda la barafu juu. Kazi ya kwanza ya tata ilikuwa kuteka maji hayo, na vidole vyake vilipasuka. Siku moja alikuta debe la maji ya moto limewekwa nyuma ya mlango wa zizi, limefunikwa kwa gunia. Kesho yake likawepo tena. Halikukosekana tangu siku hiyo hadi shamba lilipofungwa, na yule mtunza ng'ombe hakuwahi kulitaja.

Sikuunganisha debe lile na kiti cha kwenye kitabu wakati huo. Niliwaza kwamba shujaa wa tata ni yule wa msituni, kwa sababu hayupo. Hilo nalo nimeliona baadaye kwa wateja wangu: mtu asiyekuwepo hana buti chafu, na msomaji humjaza kwa chochote anachokosa nyumbani. Ndiyo maana waandishi huwapeleka wanaume wao mbali kwa sura nyingi. Tata hakufanya kosa hilo. Alijua vizuri kwamba anamtaka yule mtunza ng'ombe.

Alimwambia baba mwanzoni mwa kiangazi, mbele yangu, huku akipepeta maharagwe. "Ndugu yangu, nataka kwenda Naro Moru."

"Kufanya kazi?"

"Kukaa."

Baba akavua kofia. Hakufurahi mara moja, kwa sababu alijua linalofuata. Tawi lililopandwa haling'olewi kwa maneno. Lazima wanyama warudishwe, kondoo na mbuzi wa namna ile ile, ambao hawajazaa, na ukoo wa kijana uwapokee kwa mikono yao. Wale wa kwanza walikuwa wameliwa zamani, tulipohamishiwa kwenye vijiji vya Hali ya Hatari. Kununua wengine hakukuwa tatizo. Tatizo ni kwamba wa kuwapokea alikuwa mmoja tu, yule bibi, na bibi huyo akishika kamba ya wanyama wale atakuwa amekubali kwamba hakuna mwana wa kuoa.

"Umemwambia?" baba akauliza.

"Nimemwambia nitakuja na wewe."

"Alisema nini?"

"Alisema tuje asubuhi, jua likiwa zuri, aweze kuona kidogo."

Baba alinunua kondoo na mbuzi sokoni Karatina. Tulivuka kijito tukiwa wanne: baba, mzee mmoja wa ukoo wetu aliyekuja kuwa shahidi, tata, na mimi niliyebeba ndizi. Mtu wa Naro Moru hakuja, kwa kuwa haikuwa mahali pake. Tata alivaa gauni lake la kanisa. Njiani mzee alijaribu kutuchangamsha. "Mbuzi huyu anatembea kama mke wa chifu," akasema.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, amefagia uwanja mpaka ukabaki na mistari ya ufagio. Alitusalimu mmoja mmoja. Baba akasema maneno yanayosemwa. Bibi akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema ni kweli, msichana amengoja kuliko inavyompasa mtu kungoja. Akanyoosha mkono kwa kondoo. Akapitisha kiganja mgongoni, kwenye miguu, tumboni. Akasema, "Huyu ndiye." Akaishika kamba.

Nikamwona tata akivuta pumzi.

Kisha bibi akamgeukia mbuzi. Akapitisha kiganja vile vile, na chini ya tumbo mkono ukasimama. Ukarudi nyuma, ukabonyeza kidogo, ukakaa.

"Huyu ana mimba," akasema.

"Hapana, mama," baba akasema. "Muuzaji aliniapia hajapandwa."

"Alikudanganya, mwanangu. Njoo uguse."

Baba akainama akagusa. Mzee naye akagusa. Walitazamana. Baba alikuwa mtu wa kahawa na ndizi. Mbuzi hakuwajua sana, na muuzaji alikuwa ameliona hilo mapema.

"Nitaleta mwingine siku ya soko," baba akasema. Sauti yake ilikuwa na aibu. "Ni kosa langu, mama. Halina maana nyingine."

"Utaleta," bibi akasema. Lakini alikuwa bado amemshika mbuzi, mkono mmoja tumboni, na uso wake ulikuwa umebadilika. Sijawahi kuuona uso ule tena. "Lakini ona. Mnakuja kufunga nyumba, na mnyama anakuja na mtoto ndani. Mtu hafungi nyumba kwa mbuzi mwenye mimba. Amekataa huyu. Amesema bado." Akaiachia ile kamba ya kondoo, akaanza kucheka polepole, huku machozi yakitoka kwenye macho yale yenye ukungu. "Mke wa mwanangu, umesikia? Amesema bado."

Kila mtu pale, bibi akiwemo, alijua kwamba mbuzi mwingine angepatikana kabla ya juma kwisha. Mila isingekataa, na hata bibi asingekataa mara ya pili. Tungevuka kijito tena, angepapasa tena, angeshika kamba zote mbili, na mambo yangekwisha. Tata alihitaji tu kukaa kimya.

Alitembea mpaka kwenye kigoda, akapiga magoti ambapo uwanja ulikuwa umefagiliwa, akachukua mkono wa bibi kutoka tumboni mwa mbuzi.

"Nimesikia, mama," akasema. "Amesema bado."

Njiani kurudi baba alimwambia, kwa ukali ambao ulikuwa huzuni, "Dada, ni mbuzi tu. Nitanunua mwingine."

"Usinunue."

"Yule mtu atangoja mpaka lini?"

"Asingoje. Wewe ndiye utakayemwambia. Mwambie maji ya debe niliyaona." Akatembea hatua kadhaa. "Nilipoona anavyocheka, nilijua kwamba nikimrudishia mwingine atampokea, na usiku huo atalala akiwa hana mtoto. Mimi nitalala Naro Moru nikiwa na mume. Sitaweza kulala."

Baba alikwenda Naro Moru na kurudi. Alituambia mtu wa maziwa alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mbuzi amezaa salama, kisha akaenda kukamua.

Mbuzi alizaa. Mtoto wake alipelekwa kwa bibi, akalelewa karibu na meko. Tata alihamia ng'ambo ya kijito, akakaa na bibi yule hadi alipofariki, na siku ya mazishi alisimama mahali wanaposimama wake wa nyumba. Yeye mwenyewe amelala huko sasa, kwenye ardhi ya ukoo ambao hakuolewa nao, karibu na nafasi waliyoiacha wazi kwa mtu wa msituni.

Lakini kabla bibi hajafariki kulikuwa na Jumapili moja ambayo naikumbuka kila ninapoulizwa kama mwanaume anarudi. Tata alikuwa amekuja kwetu baada ya kanisa. Baba alikuwa amepata habari, na hakujua amwambie vipi, akamwambia tu.

"Yule mtu wa maziwa anaoa leo."

"Wapi?"

"Kanisa la kule kule Naro Moru."

Tata aliendelea kupukuchua. "Ni vizuri," akasema. "Nyumba ile ina baridi."

Baada ya muda akanigeukia. "Lete kile cha askari. Leo soma mpaka mwisho."

Nikakileta. Nikafungua pale tulipoacha, mtu akija kwa mbali barabarani. Nilisoma polepole. Msichana aliacha kikapu chake, akatazama, akamtambua kwa namna alivyobeba bega moja. Akakimbia. Wakakutana kwenye lango, na yule askari akasema maneno mazuri sana, ambayo nilikuwa nimeyasoma kwa siri mara nyingi na kuyajua kwa moyo. Walikumbatiana. Kitabu kikaisha.

Nikamtazama tata nikitarajia alie au acheke. Alikuwa ameshika gunzi tupu, anafikiri, kama mtu anayekagua hesabu ambayo haikubali.

"Na mama yake?" akauliza.

"Mama ya nani?"

"Ya huyo askari. Amerudi kutoka vitani, na mtu wa kwanza anayemkimbilia ni msichana. Mama yuko wapi?"

Nikarudi nyuma kwenye kurasa. Nilipekua hadi mwanzo kabisa. "Alikufa," nikasema. "Kabla kitabu hakijaanza."

"Na baba?"

"Naye."

"Dada? Shangazi?"

"Hana mtu, tata."

"Ndiyo maana," akasema. Hakusema kwa uchungu. Aliridhika, nadhani, kama mtu aliyepata sindano iliyopotea kwenye zulia. "Nilijua kuna kitu wamekiondoa. Msomee yeyote utakayemsomea, ni kizuri. Lakini wamewaondoa watu."

Akasimama, akakung'uta makapi kwenye gauni, akafunga kitambaa cha kichwa vizuri. Mawingu yalikuwa yanashuka, na bibi hakupenda kukaa peke yake mvua ikinyesha. Nilimtazama akiteremka kuelekea kijitoni na mahindi kidogo kwenye kiondo, mpaka migomba ikamficha, na kitabu kikiwa bado wazi mapajani mwangu kwenye ukurasa wa mwisho.